UFUGAJI WA CHAZA: Jinsi ya Kukadiria Ukuaji wa Chaza katika Maji Maangavu

Karatasi hii imeandikwa kwa ajili ya mkulima wa pwani aliyekwisha kutundika chaza wake baharini, au anayekusudia kutundika, naye ataka kujua watakuwa na ukubwa gani na lini. Haifundishi namna ya kukusanya watoto wa chaza, wala namna ya kupandikiza lulu. Mambo hayo yana mafunzo yake. Hapa twashughulika na swali moja tu: chaza mwenye kimo hiki leo, atakuwa na kimo gani baada ya miezi kadha, na kimo gani hatakipita kamwe, hata akingojewa miaka.

Swali hili si la wataalamu peke yao. Mkulima wa muhogo aweza kung'oa shina moja akatazama. Mkulima wa chaza hununua kamba, maboya na vikapu kabla hajapata senti moja ya mavuno, na mara nyingi fedha yenyewe ni ya mkopo. Huko Unguja, akina mama wa Fumba, Bweleo na Nyamanzi walianza katika miaka ya 2000 kufuga chaza kwa ajili ya nusu-lulu. Kipande cha plastiki chenye umbo la nusu ya mpira hubandikwa ndani ya gamba la chaza aliye hai, naye hukifunika kwa tabaka za lulu kwa muda wa miezi 9 hadi 12. Chaza mdogo hafai kwa kazi hiyo. Basi, anayekosea kukadiria kimo hukosea pia siku ya kupandikiza, siku ya kuvuna, na siku aliyoahidi kulipa.

MAJI MAANGAVU NI MAJI YENYE NJAA

Mgeni akiyaona maji yetu ya nje, ambayo mchanga wa chini waonekana kama ulio chini ya kioo, huyasifu. Mkulima wa chaza yafaa ayatazame kama mkulima wa nchi kavu anavyoutazama mchanga mweupe: ni safi, lakini hauna mbolea. Chaza hana meno wala hatembei kutafuta chakula. Hufungua gamba, huvuta maji, huyapitisha katika mashavu yake yaliyo mapana kama kitambaa, na kukamata vijimea vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Vijimea hivyo ndivyo vinavyoyapa maji rangi ya kijani. Pale ambapo maji ni maangavu na ya buluu, vijimea ni vichache. Katika bahari ya matumbawe, rangi yao ya kijani, yaani klorofili, aghalabu haifiki miligramu 1 katika mita moja ya ujazo wa maji.

Tena kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Katika maji maangavu ya nchi za joto, sehemu kubwa ya vijimea hivyo vichache ni vidogo kabisa, vya chini ya sehemu mbili za elfu ya milimita. Chaza wa midomo myeusi, ambaye wataalamu humwita Pinctada margaritifera, hukamata vizuri vijimea vikubwa kidogo, lakini vile vidogo kabisa vingi humponyoka. Ni kama mvuvi mwenye jarife la macho mapana katika bahari ya dagaa. Mwenyezi Mungu amemfidia kwa njia nyingine: chaza huyu huchuja maji mengi sana kwa saa, kuliko jamaa zake wengi wa maji yenye chakula tele. Huishi kwa bidii wala si kwa wingi wa riziki. Kwa hiyo kitu chochote kinachozuia maji yasimfikie humdhuru haraka.

Kupima uangavu wa maji hakuhitaji mashine. Mwaka 1865 padre mmoja wa Italia, Angelo Secchi, aliyekuwa mtaalamu wa nyota, alishusha sahani nyeupe baharini kutoka katika meli ya Papa, akapima kina ambacho sahani ile ilipotea machoni. Njia yake yatumika mpaka leo. Chukua kifuniko cha ndoo chenye upana wa sentimita 30, kipake rangi nyeupe, kifunge jiwe chini, na kamba yenye fundo kila nusu mita. Kishushe wakati wa adhuhuri upande wa kivuli cha ngalawa, ukahesabu mafundo mpaka kipotee. Fanya hivyo kila upimapo chaza.

Walakini sahani peke yake yaweza kukudanganya. Baada ya masika maji ya karibu na mito huchafuka, na mkulima hudhani chakula kimekuja. Chota maji hayo katika chupa ya kioo, uyaache kivulini yatulie mpaka kesho yake. Yakiwa maangavu juu na matope yamekaa chini, uliyoyaona yalikuwa udongo, na udongo mwingi huziba mashavu ya chaza. Yakibaki na rangi ya kijani, hapo pana chakula.

KOSA LANGU

Yapasa nieleze jambo hili kwa kuwa ndilo lililonifundisha mengine yote. Zamani kidogo nilitembelea kikundi cha akina mama katika kijiji kimoja cha pwani, waliokuwa wametundika chaza wa kimo cha milimita 40. Baada ya miezi miwili tulipima tena: milimita 49. Nilifurahi sana. Nikafanya hesabu ya darasa la nne: milimita 9 kwa miezi miwili, zimebaki 60 kufika 100, basi ni miezi 13 na siku chache. Nikaandika mwezi huo katika daftari la kikundi kwa wino, nao wakakopa fedha za vipande vya kubandika na ujira wa fundi, wakaahidi kulipa kwa tarehe ile.

Mwezi wa 13 ulipofika chaza walikuwa na milimita 85 hivi. Fundi alikuwa amekwisha kuja. Baadhi walibandikwa wakiwa wadogo, na wengi wao wakafa. Waliosalia wakarudishwa majini. Mkopo ulilipwa kwa mwani wa msimu mzima. Mama mmoja mzee aliniuliza, kwa upole, "Bwana Shamba, ulipima mara ngapi kabla ya kutuambia?" Nikamjibu, "Mara mbili." Hakusema neno tena, akaendelea kusafisha vikapu vyake.

Chaza wale hawakuwa wagonjwa, wala bahari haikuharibika. Walikua jinsi chaza wanavyokua. Mimi ndiye niliyenyoosha kwa rula kitu ambacho kwa asili yake hupinda.

KWA NINI CHAZA HUPUNGUZA MWENDO

Tazama mtoto wa mbuzi na beberu. Mtoto huongezeka kila juma. Beberu hula zaidi kuliko mtoto lakini haongezeki. Chakula chake chote huishia katika kuutunza mwili alio nao. Mwaka 1938 mtaalamu wa Austria, Ludwig von Bertalanffy, alilieleza jambo hili kwa hesabu, na hesabu yake yatumika kwa samaki na chaza duniani kote.

Maana yake ni hii. Chaza hukamata chakula kwa eneo la mashavu yake, bali hutumia chakula kwa ukubwa wa mwili mzima. Kimo kikizidi mara 2, eneo la mashavu huzidi mara 4, lakini mwili huzidi mara 8. Mapato yamezidi mara nne na matumizi mara nane. Fikiri nyumba ambayo kila mwaka waongeza wakulima wanne na walaji wanane: ghala lililokuwa likibakiza akiba litafika mwaka ambao halibakizi kitu. Siku mapato na matumizi yanapolingana, chaza husimama kukua. Kimo hicho twakiita kikomo.

Hapo ndipo penye jambo kubwa kwa mkulima wa maji maangavu. Kikomo si kitu alichozaliwa nacho chaza kama idadi ya vidole vya mtu. Chakula kikipungua, mapato hupungua, na siku ya kulingana huja mapema, chaza angali mdogo. Bas Kooijman wa Amsterdam, aliyeanza mwaka 1979 kuandika hesabu pana zaidi za mapato na matumizi ya viumbe hai, alionyesha kwamba kikomo hupanda na kushuka pamoja na chakula. Basi kungoja zaidi hakufidii njaa. Mahali penye chakula kidogo mno, chaza hatafika kimo unachotaka baada ya miaka miwili, wala baada ya kumi.

Joto nalo lina kazi yake. Maji yetu hupoa mpaka nyuzi 25 au 26 za Selsiasi wakati wa kusi, na hufika 29 au 30 mwisho wa kaskazi. Joto huharakisha yote mawili, mapato na matumizi. Chaza aliyeshiba hukua upesi katika maji ya moto. Chaza mwenye njaa hukonda upesi katika maji yayo hayo.

KUPIMA

Kazi hii yahitaji kalipa ya plastiki, daftari, penseli, na chaza 30 wenye alama. Usiwachague wazuri. Fumba macho utie mkono kikapuni, kumi kutoka kila kikapu, katika vikapu vitatu vilivyo mahali mbalimbali pa kamba. Kila mmoja mbandikie kwa gundi kibao kidogo cha plastiki chenye namba.

Kimo hupimwa kutoka bawaba, pale magamba mawili yanapoungana, kwenda moja kwa moja hadi ukingo wa mbele. Chaza wa midomo myeusi huotesha ukingoni vidole vyembamba ambavyo huvunjika vikiguswa. Amua tangu siku ya kwanza kama utapima pamoja na vidole hivyo au bila hivyo, uandike uamuzi huo katika ukurasa wa kwanza. Mimi hupima bila vidole, kwa sababu mwezi mmoja vipo na mwezi wa pili mikono ya watu imeviondoa. Wakati wa kupima, waweke chaza kivulini chini ya gunia lililoloweshwa, na uwarudishe majini upesi.

Pima kila baada ya miezi miwili ya mwandamo, katika bamvua ile ile ya mwezi, yaani kila siku 59. Muda usipolingana, njia nitakayoeleza haifanyi kazi. Usijidai kupima kila juma; tofauti itakuwa ndogo kuliko kosa la kalipa, na chaza anayesumbuliwa hufunga gamba wala hali.

Linganisha chaza na nafsi yake: namba 7 ya leo na namba 7 ya zamani. Nimeona daftari ambamo wastani wa kikapu ulipanda milimita 4 na mwenyewe akashangilia, kumbe hakuna aliyeongezeka. Wadogo walikuwa wameliwa na kaa na konokono, wakabaki wakubwa. Aliyekufa mwandike kuwa amekufa, na sababu ukiijua. Gamba lililovunjwa vipande ni kazi ya kikande au kaa. Lenye tundu dogo la mviringo ni kazi ya konokono.

NJIA YA UZI

Njia hii ilitumiwa na E. Ford wa Uingereza mwaka 1933 kwa samaki wa baridi waitwao hering, na mwaka 1946 Lionel Walford wa Marekani aliieneza kwa wanyama wengine. Uzuri wake ni kwamba haihitaji zaidi ya karatasi ya mirabaraba, rula na uzi.

Chini ya karatasi, kutoka kushoto kwenda kulia, andika vimo vya kipimo cha sasa: 0, 10, 20, hata 150. Upande wa kushoto, kutoka chini kwenda juu, andika vimo vya kipimo kinachofuata, kwa nafasi zilizo sawa na zile za chini. Kisha piga mstari kwa rula kutoka pembe ya chini kushoto hadi pembe ya juu kulia. Huo ndio mstari wa usawa. Nukta ikiangukia juu ya mstari huu, chaza huyo hakuongezeka hata kidogo.

Sasa tuchukue mfano. Tarakimu hizi nimezinyoosha kidogo ziwe nyepesi, lakini sura yake ni ile ile ya akina mama niliowataja. Wastani wa chaza wenye alama ulikuwa milimita 40 mwanzoni, kisha 49, 57, 64, 71, 77 na 82, kila kipimo baada ya miezi miwili ya mwandamo. Nukta ya kwanza ni 40 chini na 49 kushoto. Ya pili ni 49 chini na 57 kushoto. Ya tatu ni 57 na 64, na kuendelea. Utaona nukta zimejipanga karibu katika mstari mmoja, ambao mwanzoni uko juu ya mstari wa usawa, na kila unapokwenda kulia unausogelea.

Tandaza uzi juu ya nukta hizo, uuvute uende mbele mpaka ukutane na mstari wa usawa. Katika mfano huu vinakutana kwenye 130. Hicho ndicho kikomo cha chaza hawa katika maji haya.

Kikomo kikijulikana, hesabu iliyobaki ni nyepesi. Mwanzoni chaza alikuwa amebakiza 130 kutoa 40, yaani 90. Baada ya miezi miwili alibakiza 81. Amemaliza 9, ambayo ni sehemu moja ya kumi ya njia yake. Katika miezi miwili ijayo hamalizi tena 9, bali sehemu moja ya kumi ya 81, ambayo ni 8. Ni kama msafiri ambaye kila siku huenda sehemu moja ya kumi ya njia iliyosalia. Kila siku hatua zake hupungua. Ukiendelea hivyo baada ya 82 utapata 87, 91, 95, 99, na 102. Kimo cha 100 chafikiwa kati ya mwezi wa 20 na wa 22. Mimi nilisema 13.

Usiukaze uzi kwa kiburi. Nukta zikitawanyika, utandaze mara mbili: mara moja kwa mwinamo mkubwa kabisa ambao nukta zaukubali, na mara moja kwa mdogo kabisa. Vikomo viwili utakavyopata, tuseme 120 na 140, ndivyo vya kuandika. Ukienda kukopa, hesabu kwa kile kidogo. Majira nayo hutawanya nukta, maana miezi ya kusi na miezi ya kaskazi hailingani. Kwa hiyo mpaka umalize mwaka mzima wa vipimo, tarehe zako ziwe za penseli.

CHAZA ALIYECHELEWA NA CHAZA ASIYEFIKA

Sasa tazama mfano wa kikapu kingine, kilichotundikwa mbali na mkondo, nyuma ya safu nyingi za kamba za majirani. Vipimo vyake ni 40, 45½, 50½, 55, 59. Mkulima wake hulalamika kidogo tu. Asema, "Wangu wanachelewa, nitangoja mwaka mmoja zaidi." Tandaza uzi. Hukutana na mstari wa usawa kwenye 95.

Chaza hawa hawachelewi. Hawatafika 100. Anayewangoja atalipa kamba, maboya na mlinzi kwa ajili ya kitu ambacho hakiji. Kwa macho, vikapu hivi viwili katika miezi miwili ya kwanza vilitofautiana milimita tatu na nusu tu, na mtu aliyepima kwa kidole asingeona tofauti.

Njaa hii ina sababu zake katika namna ulaji unavyokwenda. Mtu mwenye sahani iliyojaa, ukimwongezea kijiko kimoja hashibi zaidi. Mtu mwenye robo sahani, kijiko kimoja ni kitu kikubwa, na kumnyang'anya kijiko ni jambo kubwa vile vile. Katika maji ya kijani chaza yuko kwenye sahani iliyojaa, na jirani akitundika mia zaidi hakuna anayetambua. Katika maji maangavu kila chaza yuko kwenye robo sahani. Kwa hiyo idadi inayofaa mahali pengine usiichukue kuja nayo kwako, hata kama imeandikwa kitabuni.

Wenzetu wa visiwa vya Polinesia ya Ufaransa, katika bahari ya Pasifiki, walilijua hili kwa gharama. Hufuga chaza wa aina hii hii katika maziwa ya bahari yaliyozungukwa na matumbawe, yenye maji maangavu kama yetu. Katika kisiwa cha Takapoto chaza walikufa kwa wingi mwaka 1985. Baadaye wataalamu waliyachunguza maji yale kwa makini, na mwaka 2000 Stéphane Pouvreau na wenzake walitoa kielelezo cha hesabu cha chaza wa Takapoto: maji anayochuja, chakula anachokamata, kinachoishia katika pumzi, kinachojenga gamba na nyama, na kinachotoka kama mbegu za uzazi. Hesabu yao ni ndefu kuliko uzi wetu, lakini mzizi ni ule ule wa mapato na matumizi.

Neno hilo la mbegu lisipite hivi hivi. Chaza akimaliza kutoa mbegu hukonda sana, na gamba lake halionyeshi, kwa sababu gamba halisinyai. Uzi wetu hupima gamba. Anayeuza nyama, au anayetaka kujua kama chaza wana nguvu ya kuvumilia kisu cha fundi, afungue watatu au wanne wasio na alama kila mara apimapo, apime nyama kwa mizani ndogo. Tena akumbuke kwamba kwa uzito hesabu ni nyingine: chaza wa milimita 100 si mara mbili ya chaza wa 50, bali takriban mara nane.

KIKAPU KILICHOZIBA

Kabla ya kuhamisha kamba au kugombana na jirani, tazama kikapu chako. Tuseme mfuko wa kikapu una upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 30, na ndani yake chaza 20, kila mmoja akichuja lita 10 kwa saa. Pamoja wanataka lita 200 kwa saa. Mkondo wa sentimita 5 kwa sekunde ukipita katika wavu safi, huleta lita 16,200 kwa saa. Ni tele. Lakini wavu ukifunikwa na majani, sponji na vikoa vya baharini mpaka maji ndani yanakwenda milimita 1 tu kwa sekunde, zinapita lita 324. Chaza 20 wanagombania maji ambayo zaidi ya nusu yake yamekwisha kuchujwa, nayo tangu mwanzo yalikuwa na chakula kidogo. Mwenye kikapu hicho huyalaumu maji ya bahari, na maji hayana kosa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni brashi. La pili ni kupunguza idadi katika mfuko. La tatu ni kusogeza kamba mahali ambapo maji ya kujaa na kupwa yanakwenda, hasa midomo ya mikondo, ila si pale ambapo matope ya masika hupita. Fanya moja kwa wakati mmoja, tena kwa nusu ya vikapu tu. Nusu iliyobaki iache kama ilivyokuwa. Ukibadili yote kwa siku moja, chaza wakakua, hutajua ni lipi lililowakuza, na mwaka ujao utalipia yote matatu.

Baada ya mabadiliko, anza karatasi mpya ya mirabaraba. Usichanganye nukta za zamani na mpya katika uzi mmoja, maana kikomo kimehama. Vipimo vitatu vya kwanza vitakuonyesha kama uzi umepanda. Ikiwa baada ya mwaka kikomo kingali chini ya kimo unachohitaji, mahali hapo si pa nusu-lulu. Watoe wauzwe kwa nyama na magamba wakati bado wana bei, na kamba uzipeleke kwingine.

Daftari liwe na nakala, moja kwa katibu wa kikundi na moja nyumbani kwa mtu mwingine. Na akipotea chaza mwenye alama, usimweke mwingine chini ya namba yake. Mgeni mpe namba mpya na ukurasa wake mwenyewe.